Mama Tokeni na Ndugu wa Mgonjwa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hospitali hii, mingi kati ya hiyo akiwa wodi ya upasuaji, muuguzi wetu mwandamizi anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kwenye faili ana jina zuri alilopewa na wazazi wake. Humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari bingwa, wote tunamwita Mama Tokeni, naye anaitika.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi kuliko wote waliobaki. Ofisi ya utawala nayo ikaniomba, kwa upole mno, nisiguse habari za miezi yake ya mwisho kazini. Niseme mapema kwamba nitazigusa. Anayetaka kusoma habari za mtumishi aliyewahi kazini na kuvaa sare safi, afunge ukurasa huu aendelee na soda yake.

Mama Tokeni aliingia kazini akiwa msichana mwembamba mwenye sauti iliyomzidi mwili. Akaanzia wodi ya wazazi, akapitia wagonjwa wa nje, kisha akaletwa wodi ya upasuaji kumshikia zamu mtu aliyekwenda likizo. Mtu yule likizo yake haijaisha mpaka leo. Wodi yenyewe mnaijua: chumba kirefu, vitanda pande mbili, madirisha ambayo yakishafunguka hayafungiki, na kitoroli cha dawa chenye gurudumu moja linalolia. Mafundi wamekuja na mafuta yao mara nyingi, na kila mara yeye amewafukuza. Wagonjwa wakisikia gurudumu lile linakuja, huanza kujiinua wenyewe kitandani, kwa kuwa wanajua atakayekutwa amelala chali atakiona. Mlio ule ni dawa ambayo haipo kwenye kabati, alisema, na wala haiishi muda wake.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuwauguza waliotolewa kidole tumbo. Watu wanauchukulia upasuaji huu kama kung'oa jino. Kila mgonjwa anayeingia, nyuma yake yupo jirani mwenye hadithi ya shemeji yake, aliyepasuliwa Jumatatu, Ijumaa akapanda ngazi kuipaka nyumba rangi. Mama Tokeni alimchukia shemeji huyo bila kumwona. Alisema kama kweli yupo, basi alikuwa kijana, mwembamba, hana maradhi mengine, na aliwahishwa hospitali siku ile ile. Kumpima kila mgonjwa kwa shemeji yule, alisema, ni kugawa viatu vya saizi moja mtaa mzima.

Jina lake lina historia. Zamani aliletwa dereva wa lori, pande la mtu, akiongozana na mama yake mzazi, kibibi kifupi kilichomfika kiunoni. Muuguzi wetu, ambaye wakati huo hakuwa bado Mama Tokeni, akauliza maswali yake pale pale kitandani. Je, anavuta sigara? Dereva akamtazama mama yake, akasema hajawahi. Je, pombe? Hata kuinusa. Kibibi kikatikisa kichwa kwa fahari. Baada ya upasuaji kifua kikambana, akawa anakohoa huku mshono unafumuka, ndipo ikajulikana kwamba alikuwa akimaliza pakiti nzima kati ya mji mmoja na mwingine. Alipona, ila alikaa nasi mpaka akajua majina ya watoto wetu. Mama Tokeni hakumlaumu. Alijilaumu yeye, kwa kumuuliza mtu mzima swali lile mbele ya aliyemzaa na kutegemea ukweli.

Kuanzia hapo, kabla hajauliza lolote, alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea ukumbini, akasema neno moja tu: tokeni. Wakatoka wake, wakatoka waume, wakatoka wajomba na bakora zao, wakatoka wachungaji na mashehe. Safari moja akatoka hata askari aliyemleta mahabusu. Pingu ziliachwa zimefungwa kwenye chuma cha kitanda, yeye akasubiri nje na bunduki yake kama mzazi yeyote.

Kipo pia kisa cha mzee mmoja mshona nguo, ambacho wauguzi wanafunzi husimuliwa siku yao ya kwanza. Tumbo likishapasuliwa, hatumpi mtu chakula mpaka utumbo uamke, na dalili yake moja ni mgonjwa kutoa upepo. Zamu ya mchana ikamuuliza mzee yule, wakwe zake wakiwa wamemzunguka, kama ameshajamba. Akakana kwa kiapo. Jioni akaulizwa tena, wakwe bado wapo, akakana tena. Kumbe utumbo ulikuwa umeamka zamani, na yeye kalala na dripu yake, ananusa supu ya kitanda cha jirani. Mama Tokeni alipoingia zamu akawatoa wakwe, na mzee akaungama yote. Akaletewa uji, akaulizia na sukari.

Tulicheka, lakini hayo si ya kuchezea. Mama Tokeni alitufundisha kwamba kisu cha daktari ni sehemu moja ya habari, na sehemu nyingine mgonjwa anakuja nayo kutoka nyumbani. Aliyekaa na maumivu akijikaza, kidole tumbo kikampasukia ndani na usaha ukamwagika, huyo si sawa na aliyewahi. Aliyemeza dawa ya kuharisha akidhani tumbo limejaa, ameuchochea moto kwa mkono wake. Mwenye kisukari kisichoshikwa vizuri, kidonda chake hushika usaha upesi na kufunga polepole. Mvuta sigara hubanwa kifua, na nyama zake hazishikani haraka. Mwenye mwili mkubwa, mwenye upungufu wa damu, mzee wa miaka mingi, aliyedhoofu kwa kutokula, anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, kila mmoja ana njia yake ya kuchelewa. Na yule anayelazwa chali siku nzima, akafunikwa gubigubi na kulishwa kwa kijiko na ndugu wanaompenda, huyo anaalika homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Sehemu kubwa ya haya mgonjwa anayajua mwenyewe, ila hayasemi mbele ya watu anaowastahi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anamficha nani. Sisi tunajua, kwa kuwa tunawaona kila siku wamekaa pembeni ya kitanda wameshika chupa ya chai.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nisifike. Ninayoyaandika hapa nayaandika kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe, na ruhusa hiyo ilivyopatikana nitaieleza.

Mwaka jana aliletwa fundi wa kutengeneza friji, mwanamume wa makamo, kitambi kiasi, ameinama kama aliyeangusha kitu. Alikuja na mkewe na mama mkwe wake. Mama mkwe huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, na kaka yake ni mjumbe wa bodi ya hospitali. Maswali aliyajibu yeye, mengine kabla hayajaulizwa. Maumivu yameanza leo asubuhi. Mkwe wangu havuti, hanywi, hana ugonjwa wowote, maana mimi nilichunguza kabla sijamtoa binti. Fundi alikuwa anatazama dari.

Mama Tokeni akaenda mlangoni akasema neno lake. Mke akatoka. Mama mkwe akasema yeye hatolewi, yeye ni mama. Akajibiwa kwamba mama ndiye hutangulia. Mama Tokeni akamshika kiwiko, akamsindikiza, akafunga mlango. Mwalimu aliyetumia maisha yake kuwatoa watoto wa watu nje ya darasa akajikuta ukumbini na mkoba wake, mbele ya umati wote uliokuwa ukisubiri.

Nyuma ya mlango, fundi aliyashusha macho kutoka darini. Akaomba maji, akanyimwa, kwa kuwa anakwenda kupasuliwa. Ndipo akasema. Maumivu yalikuwa ya siku kadhaa. Yalimwanza kwenye harusi ya shemeji yake, alikopewa jukumu la majokofu ya vinywaji, na hakutaka aonekane mkwe legelege. Akameza vidonge vya maumivu, vikamtuliza, yakarudi, akameza dawa ya kuharisha. Sigara anavutia nyuma ya karakana. Na kisukari anacho. Vidonge vyake anavificha kwenye sanduku la vifaa, na siku nyingi hata hamezi. Baba yake alikufa kwa kisukari, na wakati wa posa mama mkwe aliuliza waziwazi kama ugonjwa huo upo katika ukoo wao, akaambiwa haupo. Fundi akaomba jambo moja, watu wake wasijue. Alikuwa na hakika kwamba siku mama mkwe atakapojua alidanganywa, ndoa yake imekwisha. Mama Tokeni akamwahidi kwamba atawaambia daktari na wanaomtibu, na hapo ndipo mwisho.

Daktari bingwa alibadilisha mipango pale pale. Sukari ikaanza kushushwa, dawa za kuua vijidudu zikatangulia, na tumbo likafunguliwa kwa tahadhari ya mtu anayetarajia makubwa. Makubwa yalikuwepo. Kidole tumbo kilishapasuka na usaha umesambaa. Daktari anasema mpaka leo kwamba kama angeamini maumivu ni ya asubuhi ile, angemweka nyuma ya wagonjwa wengine waliokuwa wakisubiri, na hapendi kufikiria yaliyobaki.

Kupona kwenyewe kulikuwa kupanda mlima. Mshono ulitoa usaha, ukaachwa wazi uoshwe kila siku. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi, likapatikana jipu ndani ya tumbo, akawekewa mpira wa kutolea usaha. Utumbo ukagoma kuamka. Katikati ya yote hayo Mama Tokeni alimsimamisha na kumtembeza ukumbini, mgonjwa ameshika nguzo ya dripu, anamlaani chini kwa chini. Yeye akamwambia alaani tu, mradi laana iishie dirishani ndipo wageuke.

Mama mkwe aliyaona hayo akapeleka malalamiko. Kwamba alidhalilishwa mbele ya watu. Kwamba mkwe wake anateswa na kidonda kibichi. Kwamba upasuaji mdogo umegeuzwa msiba kwa uzembe, kwa kuwa mtoto wa jirani yake alitolewa kidole tumbo hicho hicho na akarudi shule upesi. Ni yule yule shemeji wa kupaka rangi, amekuja kwa sura nyingine.

Utawala na bodi wakaita kikao, nami nilikuwemo kwa kuwa zamu zetu zilipakana. Waliuliza jambo moja, kwa nini mgonjwa huyu anachelewa kupona. Sentensi moja ingemwokoa, na kila mtu wa upande wetu wa meza aliijua. Daktari alifungua mdomo mara mbili, na mara mbili Mama Tokeni alimtazama mpaka akaufunga. Mama mkwe amekaa mbele yake, macho makavu, anasubiri. Mama Tokeni akataja kila kinachoweza kumchelewesha mtu, kimoja baada ya kingine, kama nilivyoviandika hapo juu. Akamaliza kwa kusema kwamba kipi kati ya hivyo ni cha mgonjwa huyu, hiyo ni mali ya mgonjwa huyu.

Wakamtaka ataje. Akakataa. Wakamtaka basi amwombe mama radhi kwa kumtoa nje. Akasema kumshika kiwiko anaomba radhi, kiwiko ni cha mwenyewe. Kumtoa nje haombi, na kesho akija na mgonjwa mwingine atamtoa tena. Mjumbe mmoja akamkumbusha kwamba amebakiza muda mfupi astaafu, asijiharibie. Akajibu kwamba kwa muda mfupi aliobakiza hana nafasi ya kuanza kujifunza woga.

Akahamishiwa stoo ya mashuka, kile chumba cha chini karibu na kufulia. Kwa manufaa ya utumishi, ndivyo ilivyoandikwa. Mtu aliyeweza kujua homa inapanda kwa kuangalia tu mgonjwa anavyolishika shuka, akapewa kazi ya kuyapanga mashuka. Nilikasirika siku ile na bado nimekasirika, sioni haya kusema. Nilimkuta siku moja nyuma ya rafu ya mablanketi anafuta macho, akaniambia ni vumbi. Stoo ile chini yake haijawahi kuwa na vumbi.

Waliodhani wamemzika hawakumjua. Muda si mrefu wodi ilianza kupokea kutoka chini vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Kwanza ni vijimto vidogo vigumu, vilivyoshonwa kwa mashuka yaliyochakaa, vya mgonjwa kukumbatia kwenye mshono anapokohoa ili asiogope kukohoa. Kisha mikanda mipana ya kufunga miguuni pa kitanda, mgonjwa ajivute akae bila kulikaza tumbo. Utawala ukauliza mashuka chakavu yanakwenda wapi. Akawajibu yamepandishwa cheo. Leo hakuna kitanda cha wodi yetu kisicho na kijimto chake, na wodi za jirani zimeanza kutuibia.

Fundi wa friji, kwa upande wake, hakujua lolote. Alipotoka hospitali hakumwona tena Mama Tokeni wodini, akadhani amepewa cheo. Mwezi uliopita alikuja kutengeneza friji ya maabara, akasikia wauguzi wakisema Mama Tokeni anastaafia stoo, akauliza kwa nini, na mtu akamwambia. Alinifuata akiwa bado ameshika bisibisi. Kidonda kimefunga, kitambi kimepungua, vidonge anameza, na sigara ameiacha kwa mara ya tatu. Alikaa kwenye benchi letu, akasema mama yule amenunua ndoa yangu kwa kazi yake, nami nilikuwa nalala usingizi.

Akarudi nyumbani akamweleza mkewe, na mkewe akiwa pembeni akamweleza mama mkwe, yote, kisukari cha baba yake kikiwemo. Ndoa haikuvunjika. Mke alikasirika sana, na anavyoeleza fundi, bado anaendelea. Kisha fundi akarudi kwangu akasema niandike, mradi jina lake nisilitaje.

Mama mkwe alikuja mwenyewe, akashuka mpaka stoo. Nilikuwepo. Hakupiga magoti na hakulia, si mtu wa hivyo. Alimkuta Mama Tokeni anashona kijimto, akaketi kwenye furushi la mashuka, akaomba sindano. Wakashona. Mshono wa mwalimu mkuu ulikwenda upogo, Mama Tokeni akaufumua wote na kumrudishia arudie. Akarudia. Alipomaliza akasema, bila kuinua macho, kwamba siku ile alimjibia mkwe wake maswali yote na karibu amuue. Mama Tokeni akamwambia mkwe alinyamaza kwa heshima, na heshima ile alifundishwa na watu wa kupongezwa. Kisha mwalimu akapanda juu, akayafuta malalamiko yake kwa sauti ile ile aliyoyaletea.

Utawala ulifurahi. Ukataka arudi wodini kwa siku zilizobaki, ipigwe picha, na adhabu yake ifutwe kwenye faili kana kwamba haikuwahi kuwepo. Kurudi wodini alikubali, na gurudumu la kitoroli mmelisikia. Kufutiwa adhabu alikataa. Alisema ibaki pale pale. Siku muuguzi mwingine atakapotishwa ili atoboe siri ya mgonjwa, aonyeshwe faili hilo, aone kwamba mtu aliadhibiwa kwa kunyamaza, akaendelea kula, kulala na kushona.

Basi hatufuti, na ndiyo maana wasifu huu haufanani na mwingine mliowahi kusoma. Sisi wa wodi ya upasuaji tumekaa na kukubaliana. Kila mgonjwa atakayepita mikononi mwetu ataulizwa akiwa peke yake, awe mkwe wa nani, awe mtoto wa nani. Atakayotuambia yatamfikia anayemtibu, hayatamfikia mwingine. Hatukuomba kibali kwa hili na hatutakiomba.

Dada yetu, umetulea na umetufokea, na vyote viwili tunakushukuru. Upate afya, upate usingizi usiokatwa na kengele ya zamu, na wajukuu wakuzunguke mpaka uchoke wewe. Nenda kwa amani, kazi yako tumeipokea. Na kama utawala utaona tumekosea, stoo ya mashuka ni kubwa. Tumekwenda kuipima, tunaenea wote.